Mlango wa slaidi unaokwama, unaovuja au usiofungika: tafuta chanzo kabla ya kubadilisha magurudumu

Malalamiko ya milango ya slaidi hapa Mwanza ni yale yale, kuanzia Capri Point hadi Buswelu. Mlango umekuwa mzito, maji yanaingia sebuleni mvua ikija na upepo wa ziwani, wadudu wanapita, kitasa hakishiki. Na dawa inayotolewa ni ile ile pia: fundi anakuja, anabadilisha magurudumu, anachukua hela yake, anaondoka. Baada ya miezi michache mlango umerudi pale pale. Sehemu kubwa ya hitilafu hizi huanzia chini kwenye reli, au kwenye jengo lenyewe, yaani sakafu, lenta (boriti ya zege iliyo juu ya mlango) na msingi. Paneli inaonyesha dalili tu.

Hapa tunazungumzia hasa mlango wa aluminiamu na kioo wenye paneli mbili, ule wa kutoka sebuleni kwenda barazani. Milango ya mbao na ya vyumba vya ndani ina sehemu yake mbele. Ninaposema reli, ni ile njia ya chini ambayo paneli inapita. Magurudumu, ambayo mafundi wengi huyaita rola, yamejificha ndani ya ukingo wa chini wa paneli, mawili kwa kila paneli. Brashi ni manyoya yaliyochomekwa kwenye kingo ili kuziba upenyo. Matundu ya maji ni vile vitobo vidogo upande wa nje wa reli, na watu wengi hawajawahi kuviona kwa sababu vimefunikwa tangu siku nyumba ilipokamilika.

Andaa bisibisi ya nyota na ya bapa, futi kamba, pimamaji, mswaki mkuukuu, tochi na jagi la maji. Vinatosha kwa ukaguzi wote ulioelezwa hapa.

Tahadhari moja kabla ya kugusa chochote. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita moja ya unene. Paneli ya mita 1 kwa mita 2.1 yenye kioo cha milimita 5 inabeba kilo 26 za kioo peke yake, bila kuhesabu aluminiamu. Usiitoe ukiwa mwenyewe, usiitoe ukiwa pekupeku, na watoto wasiwe karibu.


DALILI: MLANGO MZITO, UNAKWAMA AU UNARUKARUKA

Swali la kwanza ni unakwama lini. Jibu lake linakuokolea pesa nyingi.

Ukikwama siku zote, saa zote, na hali imekuja polepole, anza na uchafu kwenye reli. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na kwa Mwanza ina ukali wake. Miamba yetu ni itale, na itale ikimeng'enyuka huacha chembe za kwatzi, ngumu kuliko aluminiamu na ngumu kuliko plastiki ya magurudumu. Changarawe hiyo inaingia na viatu, inaingia na upepo, na kila ukisukuma mlango unausaga mwenyewe. Ongeza mizoga ya vijidudu vya ziwani vinavyorundikana kwenye reli, na nywele zinazojizungusha kwenye ekseli za magurudumu.

Fagia reli kwa mswaki mkavu kwanza. Ukianza na maji unatengeneza tope linaloingia ndani zaidi. Kisha futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, acha ikauke, na usukume mlango kwa kidole kimoja. Ukienda, kazi imeisha, na hukumhitaji mtu.

Kuhusu kulainisha: usipake mafuta ya kula, usipake grisi, wala oili chafu ya gari. Vyote hivyo hushika mchanga, na baada ya wiki chache reli yako ni msasa. Tumia silikoni ya kupuliza inayokauka, au sugua kipande cha mshumaa juu ya reli. Wapo watakaocheka mshumaa. Unafanya kazi.

Kama reli ni safi na bado mlango ni mzito, tazama urefu wa magurudumu. Kwenye ukingo wa pembeni wa paneli, chini kabisa, kuna kitobo chenye kifuniko kidogo cha plastiki, na ndani yake kuna skrubu. Huo ndio mrekebisho wa kupandisha na kushusha gurudumu la upande huo. Inua paneli kidogo kwa mkono ili kuondoa uzito, zungusha nusu mzunguko tu, jaribu, kisha endelea. Pande zote mbili zikiwa sawa, ukingo wa paneli utalala sambamba na mguu wa fremu, yaani nguzo yake ya pembeni, kutoka juu hadi chini. Upenyo ukiwa mpana juu na mwembamba chini, gurudumu moja liko chini kuliko mwenzake.

Magurudumu yenyewe yanakuja nafasi ya tatu. Yakiwa yameisha utasikia mlio wa kukwaruza chuma kwa chuma, na ukitoa paneli utaona gurudumu lina upande bapa au limegoma kuzunguka. Hapo badilisha, na badilisha yote manne kwa pamoja. Chukua la zamani uende nalo dukani, kwa sababu vipimo hutofautiana kati ya aina moja ya aluminiamu na nyingine. Ukiulizwa la plastiki au la chuma kisichoshika kutu, kwa paneli ya kioo kizito chagua la pili lenye beringi. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo hatuna ile kutu ya kasi inayowasumbua watu wa Dar es Salaam na Tanga. Lakini unyevu upo, na skrubu za chuma cha kawaida hushika kutu hapa pia.

Baada ya magurudumu, reli iliyobonyea au kulika. Pitisha kidole taratibu juu yake. Ukihisi mabonde, hapo ndipo mlango unaporuka. Mbonyeo mdogo hunyooshwa kwa koleo na kusawazishwa kwa tupa laini. Reli iliyolika kwa urefu inaweza kuvishwa kofia ya chuma kisichoshika kutu bila kung'oa fremu nzima. Muulize fundi kama anaifahamu kabla hajakuuzia fremu mpya.

Sasa tuje kwenye kukwama kwa vipindi, ambako ndiko watu hupoteza hela.

Mlango unaokwama alasiri na kulegea usiku unapata joto na kutanuka. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Fremu ya mita 3 ikipanda nyuzi joto 35 hurefuka kama milimita 2 na nusu, na fremu nyeusi au ya kahawia inayotazama magharibi inafika huko bila shida. Kama fundi aliibana fremu kwenye ukuta kwa zege na lipu bila kuacha nafasi ya milimita chache iliyojazwa silikoni, haina pa kwenda isipokuwa kupinda. Tiba ni kukata lipu inayoibana pembeni na kuweka silikoni. Kivuli nje kinasaidia pia, iwe ni upanuzi wa bati au mti.

Mlango wa aluminiamu unaokwama masika na kulegea kiangazi ni habari nyingine kabisa. Aluminiamu hainywi maji, haivimbi. Ikikwama msimu wa mvua, kinachosogea ni ardhi. Kwenye mabonde na maeneo ya mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba inapanda na kushuka pamoja nao. Kwenye vilima hali ni tofauti: nyumba nyingi zimekaa nusu juu ya mwamba na nusu juu ya kifusi kilichojazwa kusawazisha kiwanja. Upande wa mwamba hautikisiki, upande wa kifusi unashuka. Mlango mpana ulio katikati ya pande hizo ndio wa kwanza kusema.

Hakikisha kwa futi kamba. Pima urefu wa uwazi wa fremu kutoka juu hadi chini sehemu tatu: kushoto, katikati na kulia. Katikati ikiwa fupi kuliko pembeni, lenta imelemewa na inakandamiza fremu. Kisha pima kona kwa kona, mara mbili. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, fremu haiko mraba tena. Tofauti ya milimita 2 au 3 mlango huivumilia. Ikizidi 5, andika vipimo ukutani kwa penseli pamoja na tarehe, na upime tena baada ya mwezi.

SIMAMA HAPA na umwite mhandisi au fundi ujenzi mzoefu, siyo fundi aluminiamu, ukiona lolote kati ya haya: ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya juu ya mlango, ufa unaopitisha sarafu, lenta iliyopinda kiasi cha kuonekana kwa macho, au mlango uliokwama ghafla baada ya mvua kubwa, ilhali jana ulikuwa mzima. Usipunguze paneli wala usikate fremu ili ipite. Fremu ikiwa imebeba mzigo wa ukuta, ukiilegeza unaweza kuangusha kilicho juu yake.


DALILI: MAJI YANAINGIA NDANI

Mwanza iko upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo anayetaka kutazama ziwa akiwa sebuleni mara nyingi anaelekeza kioo magharibi. Kwa uamuzi huo huo ameielekeza nyumba kwenye jua la jioni na kwenye mvua inayokuja imelala na upepo kutoka majini. Mlango wa slaidi hauzuii maji kwa kuyabana kama unavyofanya mlango wa bawaba wenye raba pande zote. Umebuniwa kuyaruhusu yaingie kwenye reli, kisha yatoke nje kupitia matundu. Ukilielewa hilo, kutafuta uvujaji kunakuwa rahisi.

Fanya jaribio la jagi. Siku kavu, mwaga maji polepole kwenye reli. Nenda nje utazame. Yakitoka haraka kwa nje, matundu yako mazima na tatizo liko kwingine. Yakisimama kama kwenye karai, umepata jibu.

Sababu, kwa mpangilio wa ninavyozikuta:

1. Matundu yamezibwa na uchafu. Yazibue kwa waya mwembamba au njiti ya kiberiti, kisha uoshe.

2. Matundu yamefukiwa na fundi marumaru. Hili ni tatizo la ratiba ya ujenzi. Fremu imewekwa kwanza, kisha baraza likavishwa marumaru, na unene wa saruji na marumaru ukapanda hadi juu ya matundu. Hakuna silikoni itakayotibu hili. Inabidi kung'oa mstari wa marumaru ulio mbele ya mlango, kushusha kiwango, na ikiwezekana kuweka mfereji mwembamba wenye kifuniko cha wavu. Kazi ya siku moja, vumbi jingi, lakini inaisha.

3. Baraza limeinamia ndani. Weka pimamaji nje ya mlango. Kama maji ya baraza yanakimbilia mlangoni, umeyakaribisha mwenyewe.

4. Silikoni kati ya fremu na ukuta imepasuka. Dalili yake ni unyevu pembeni au juu ya fremu, lipu inayobanduka, rangi inayovimba, huku reli ikiwa kavu. Kwangua ya zamani yote, safisha, kausha, kisha pitisha mpya. Kupaka mpya juu ya kuukuu ni kupoteza kopo.

5. Kizingiti ni kifupi mno. Ule ukuta mdogo wa ndani wa reli ndio unaoshikilia maji yasimwagikie sebuleni wakati upepo unayasukuma. Kwa hesabu ya fizikia, ukuta wa milimita 20 unahimili msukumo wa upepo wa takriban kilomita 65 kwa saa. Dhoruba za ziwani hupita hapo. Kizingiti kilicholala sawa na sakafu kinapendeza na kinamfaa mzee au mtu wa kiti cha magurudumu, lakini kiweke tu mahali penye baraza lenye paa refu na mfereji mzuri. Ukikiweka ukuta wa magharibi usio na paa, utafagia maji kila msimu.

6. Paneli zimepandishwa kinyume, au brashi za katikati zimeisha, na maji yanapita pale paneli mbili zinapokutana.

Kuna kosa moja linalofanywa na watu wenye haraka: kuziba matundu ya maji kwa silikoni kwa sababu "ndiko maji yanakoingilia". Wakati wa upepo mkali ni kweli utaona vitone vikirushwa kupitia humo, na vipo vifuniko vidogo vya plastiki vyenye ulimi kwa kazi hiyo. Ukiziba kabisa, kila tone litakaloingia litatokea kwenye kapeti.

Kama nyumba iko karibu na mwambao na maji yanapanda kutoka sakafuni, acha kuulaumu mlango. Mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda kuliko watu wengi walivyowahi kuliona, na viwanja vilivyokuwa vikavu vikawa matope. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za binadamu zikae mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Aliye ndani ya hapo ana tatizo ambalo halina tiba ya silikoni.

SIMAMA na uite fundi umeme kama kuna soketi karibu na sakafu ambako maji yamefika. Zima swichi kuu kwanza, ndipo ufagie.


DALILI: MBU NA VIJIDUDU VYA ZIWANI VINAPITA

Anayeishi mwambaoni anajua yale mawingu ya vijidudu yanayoinuka juu ya ziwa kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo. Haviumi. Lakini hufuata taa, na ni vidogo kiasi kwamba wavu wa kawaida wa mbu haviuhesabu.

Kwanza tazama brashi. Usiku, mtu mmoja asimame ndani na taa ikiwaka, mwingine nje gizani. Kila mstari wa mwanga unaouona ni njia. Brashi zikiwa zimelala au zimekatika, nunua za urefu ule ule wa manyoya na uzichomeke upya kwenye mfereji wake. Ni kazi ya nyumbani kabisa.

Pili, namna unavyoufungua mlango. Kama wavu uko reli ya nje kabisa, fungua paneli ya ndani, paneli ya nje iache imefungwa, wavu ukae mbele ya uwazi. Hapo ukingo wa wavu unagusa mguu wa kati wa paneli ya nje na upenyo unazibika. Ukifanya kinyume, ukafungua paneli ya nje nusu, ukingo wa wavu unaelekea kioo badala ya mguu, na kioo kimerudi ndani. Unabaki upenyo wa kidole kutoka juu hadi chini, na mbu hawahitaji zaidi ya hapo. Familia nyingi zimebadilisha wavu mara mbili tatu kwa tatizo hili, na wavu ulikuwa mzima.

Tatu, taa. Hamisha taa ya baraza iwe mbali na mlango, na tumia ya rangi ya njano badala ya nyeupe kali. Kwa usiku ule wa mawingu, funga kioo na uzime taa ya nje.


DALILI: KITASA HAKISHIKI, AU MLANGO UNAFUNGULIKA KUTOKA NJE

Kitasa cha ndoano kinachokataa kushika mara nyingi hakijaharibika. Paneli imeshuka kwa sababu ya magurudumu, na ndoano haikutani tena na tundu lake kwenye fremu. Rekebisha urefu wa magurudumu kwanza. Kama bado, legeza skrubu za kipokeo, kile kibati chenye tundu hilo, na ukipandishe au ukishushe milimita chache. Vikishindikana vyote viwili ndipo ununue kitasa.

Usalama ni suala jingine. Funga mlango, kisha jaribu kuinua paneli kwa mikono kwa nguvu. Ikipanda kiasi cha kukaribia kutoka kwenye reli ya chini, mwizi naye atafanya hivyo, kitasa kikiwa kimefungwa. Tiba ni vipande vya plastiki ngumu au aluminiamu vinavyofungwa kwa skrubu ndani ya reli ya juu, paneli ikiwa imefungwa, ili kuondoa nafasi ya kuinua. Ongeza fimbo: kipande cha bomba au mti ulionyooka, kilichokatwa kipimo, kikalazwa kwenye reli nyuma ya paneli inayotembea. Kinafanya kazi endapo paneli hiyo iko reli ya ndani, kwa hiyo sema mapema wakati wa kuagiza. Hakikisha pia raba na vishikizo vinavyobana kioo viko upande wa ndani. Vikiwa nje, kioo kinatolewa kimya kimya bila kuvunjwa.

Wengi wetu tunaongeza grili. Sawa, ila mlango mkubwa wa baraza ndio njia pana ya kutokea moto ukizuka, na grili yenye kufuli ambalo ufunguo wake uko chumbani kwa baba inaugeuza ukuta. Ufunguo ukae ndani, mahali pamoja panapojulikana na kila aliyemo, mtoto na dada wa kazi wakiwemo, na mwizi asiweze kuufikia kwa mkono kutoka nje. Namba ya Zimamoto ni 114.


DALILI: KIOO KIMEPASUKA, AU ALUMINIAMU INA MADOA

Ufa ulioanzia ukingoni bila mtu kugusa kioo una sababu chache: skrubu inayogusa kioo, kioo kilichokatwa kikubwa kuliko fremu, au fremu iliyopinda na kukibana. Ukiweka kipya bila kuondoa sababu, kitapasuka vile vile. Usijaribu kukitoa mwenyewe. Kioo cha kawaida huvunjika kwa vipande virefu kama visu. Kibandike utepe wa karatasi wenye gundi pande zote, weka kiti mbele yake watoto wasipite, na uite fundi. Na mara hii agiza kioo cha tempa, ambacho kikivunjika husambaratika kwa vipunje vidogo. Mara nyingi huwa na mhuri mdogo kwenye kona. Hakikatwi baada ya kutengenezwa, kwa hiyo fundi akikuambia "nitakipunguza hapa hapa", hicho si tempa.

Madoa meupe kwenye fremu mpya ni ya saruji mbichi au chokaa, ambazo huila aluminiamu. Tindikali ya kusafishia marumaru huila pia. Fremu ifunikwe kwa utepe wa plastiki wenye gundi hadi mafundi lipu na marumaru waondoke. Madoa yaliyoshaingia hayatoki.


MILANGO YA NDANI NA YA MBAO

Mlango wa mbao unaokwama wakati wa mvua, tofauti na wa aluminiamu, kweli umevimba. Usiupige randa masika. Subiri ukauke, kwa sababu ukiupunguza ukiwa umevimba utabaki na upenyo kiangazi chote. Mara nyingi ukingo wa chini na wa juu haukupakwa rangi wala vanishi kwa kuwa hauonekani, na mbao hunywa unyevu kupitia hapo hapo. Ushushe, upake kingo zote.

Mlango unaoning'inia kwenye reli ya juu ukiyumba, tafuta kiongozi cha chini, kile kipande kidogo sakafuni. Huwa kimevunjwa na ufagio. Ukilegea kutoka ukutani, simama: uzito wote unabebwa na fisha chache (plagi zinazoshikilia skrubu) zilizoingia kwenye tofali, na tofali la kuchoma lenye nyufa halizishiki. Panahitajika ubao au chuma kilichofungwa kwenye lenta.

Mlango unaoingia ndani ya ukuta ukikwama, mara nyingi kuna skrubu ya picha au ya kabati iliyopigwa kutoka upande wa pili. Muulize aliyepamba chumba.

Kwa choo na bafu, harufu na sauti zinazopita si hitilafu. Slaidi ya ndani haibani. Brashi hupunguza kidogo, basi.


HITILAFU AMBAZO FUNDI HAWEZI KUZITIBU

Baadhi ya malalamiko ni ya umbo lenyewe, na yanatakiwa kufikiriwa kabla ya kuagiza.

Jua la jioni ni mojawapo. Kioo cha mita 3 kinachotazama ghuba kitakupa machweo na pia sebule ya moto saa 10 hadi saa 12. Kioo cha rangi hupunguza mwanga kuliko kinavyopunguza joto. Kinachosaidia kweli ni kivuli kilicho nje ya kioo, na jua la magharibi likishuka linapita chini ya paa, kwa hiyo unahitaji kitu cha wima: mapazia ya mianzi barazani, au mimea.

Upepo nao. Watu huweka kioo kipana wakitegemea upepo wa ziwani, kisha wanagundua kuwa paneli mbili hufungua nusu tu. Mlango wa mita 2.4 unakupa chini ya mita 1.2 ya kupita, hewa na binadamu. Ukitaka zaidi, agiza paneli tatu kwenye reli tatu ili upate theluthi mbili, na ukubali kizingiti kipana zaidi cha kusafisha.

Kwa uwazi wa chini ya mita 1.5, sioni sababu ya slaidi kabisa. Nusu yake, ukitoa upana wa miguu ya fremu, haifiki sentimita 70, na friji kubwa haipiti. Weka mlango wa bawaba.